Mbegu za kitani na saratani ya matiti: niliziogopa, nikazipapia, ndipo nikauliza

Kopo la kwanza aliniletea wifi yangu, wiki moja baada ya upasuaji. Mbegu ndogo, bapa, za kahawia, zinateleza mkononi kama zimepakwa mafuta. "Wifi, kula hizi, zinasafisha," akasema, na hakusema zinasafisha nini. Siku ya tatu akaja dada mmoja tuliyezoeana kwenye foleni ya kliniki. Alipoliona kopo mezani akaweka kikombe chini. "Nani kakupa hizo? Zina estrojeni hizo! Unaulisha ugonjwa kwa kijiko."

Saratani yangu ni ile ya homoni. Karatasi ya maabara ilisema vipokezi vya estrojeni vipo, tena kwa wingi, na daktari alikuwa ameshanieleza kwamba nikimaliza mionzi nitameza kidonge cha kupunguza estrojeni kila siku kwa miaka isiyopungua mitano. Sasa mtu anakuja kukwambia kwamba umekuwa ukila estrojeni asubuhi pamoja na uji. Nililisukuma kopo hadi nyuma kabisa ya kabati, kwenye sufuria zisizotumika. Kulitupa nilishindwa kwa ajili ya wifi, na kula nilishindwa kwa woga. Daktari sikumuuliza. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo lililozaa mengine.

Swali hili sasa naulizwa mimi, mara nyingi usiku, na watu ambao wametoka kupewa majibu wiki hiyohiyo. Kwa hiyo nianze na jibu, maelezo yafuate. Mbegu za kitani zilizosagwa, zikiliwa kama chakula, kijiko kimoja hadi vitatu kwa siku, hazijaonekana kukuza saratani ya matiti kwa binadamu, hata ile ya homoni. Ushahidi uliopo si mwingi, lakini unaelekea upande wa heri. Ila neno "salama" lina masharti yake: unazila wakati gani wa matibabu, pamoja na dawa zipi, na zikiwa katika hali gani. Mimi ziliniumiza, na estrojeni haikuhusika hata chembe.

Kitani, kwa asiyezijua, ni mmea uleule unaotoa uzi wa nguo za kitani. Wanasayansi wanauita Linum usitatissimum, maana yake kitani chenye manufaa mengi kupita kiasi. Aliyekipa jina hilo hakuwa na haya ya kusifia. Wengine huziita mbegu za flaksi. Si ufuta, na si chia, ingawa zote tatu huwekwa rafu moja na watu hununua hii wakidhani ile.

Hofu ilitoka wapi

Ndani ya mbegu hizi mna vitu vinavyoitwa lignani. Vyakula vingi vya mimea vina lignani kidogo, lakini kitani kimevizidi kwa mbali sana. Ukizila, bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana wanazigeuza kuwa enterodioli na enterolaktoni, na hizo ndizo zinazoingia kwenye damu. (Ndiyo maana mtu aliyetoka kumeza antibiotiki anaweza kula kitani kilekile na damu yake ikaonyesha enterolaktoni kidogo. Waliokuwa wanafanya kazi hiyo wamekufa.) Umbo la vitu hivi linafanana kiasi na la estrojeni, kwa hiyo vikawekwa kwenye kundi la fitoestrojeni, estrojeni za mimea. Jina hilo ndilo linalotutoa jasho.

Mtaalamu wa lishe alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Kipokezi cha estrojeni kwenye seli, alisema, ni kigoda cha mwenye nyumba. Estrojeni yenyewe ikikikalia, inatoa amri na seli inatii, inagawanyika. Enterolaktoni ni mgeni aliyekuta kigoda kitupu akakaa. Sauti yake ni ndogo, akisema hasikiki sana, na muda wote aliokaa pale mwenyewe amesimama. Akaongeza haraka kwamba hiyo ni nadharia, na kwamba nadharia tamu ya maabara haimtoshi mgonjwa.

Hofu yetu, kwa maoni yangu, tumeirithi kutoka kwa soya. Watafiti waliwatoa panya ovari, wakawapandikiza seli za saratani ya matiti za binadamu, wakawalisha jenisteini, ambayo ni fitoestrojeni ya soya. Uvimbe ukakua. Habari hiyo ilizunguka dunia. Iliyofuata haikuzunguka: kwamba mwili wa panya unaichakata jenisteini tofauti na wetu, na kwamba mwaka 2009 watafiti waliofuatilia wanawake 5,042 wa Shanghai waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti walikuta vifo na kurudi kwa ugonjwa vikiwa vichache zaidi miongoni mwa waliokula vyakula vya soya kwa wingi. Na kitani kilipojaribiwa kwa panya wa namna ileile, uvimbe haukukua. Kilipoongezwa juu ya tamoksifeni, dawa inayoizuia estrojeni isikalie seli za saratani ya matiti, uvimbe ulikuwa mdogo kuliko wa panya waliopewa tamoksifeni peke yake. Panya ni panya, lakini kama tulikubali kutishwa nao, tukubali pia wanapotutuliza.

Keki za Toronto

Utafiti ulionifanya nilitoe kopo nyuma ya sufuria ulichapishwa mwaka 2005 na Lilian Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Naupenda kwa jinsi ulivyobuniwa. Kati ya siku unayochomwa sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe na siku ya upasuaji kuna wiki kadhaa za kusubiri. Sisi tunazitumia kulia na kuhesabu dari. Wao walizitumia kupima. Waliwachukua wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wamegunduliwa karibuni, wakawapa keki ndogo moja kila siku. Wanawake 19 walipata keki yenye gramu 25 za kitani, 13 wakapata keki inayofanana nayo isiyo na kitani, na hakuna aliyejua anakula ipi. Wa kitani walikula kwa wastani wa siku 39, wengine siku 32. Siku ya upasuaji uvimbe ukapimwa tena, ukalinganishwa na kile kipande cha mwanzo.

Kwa waliokula kitani, Ki-67, kipimo kinachoonyesha seli zinagawanyika kwa kasi gani, kilishuka kwa asilimia 34 hivi. Seli zinazojiua zenyewe ziliongezeka kwa takriban asilimia 31. HER2, protini inayozisukuma baadhi ya saratani za matiti zikue, ilipungua kwa asilimia 71. Waliokula keki tupu hawakuonyesha mabadiliko ya maana.

Nilipousoma mara ya kwanza nilipiga kelele jikoni. Sasa naomba uusome kwa utulivu kuliko mimi. Watu 32 hawajai hata darasa moja. Hakuna aliyefuatiliwa miaka mitano kuona ugonjwa ulirudi kwa nani. Kwa hiyo utafiti huu unajibu vizuri swali la yule dada wa kliniki, kama kitani kinauchochea uvimbe. Hakijauchochea. Swali la wifi yangu, kama kinasafisha, haujalijibu.

Baadaye kulikuwa na tafiti kubwa za namna nyingine. Huko Ontario, mwaka 2013, walilinganisha majibu ya wanawake 2,999 wenye saratani ya matiti na 3,370 wasio nayo. Waliokuwa wakila mbegu za kitani walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua, tofauti ya karibu asilimia 20. Ujerumani walipima enterolaktoni kwenye damu ya wagonjwa waliokoma hedhi wakakuta wenye kiwango kikubwa walikufa wachache zaidi. Ni habari njema, ila mtu anayekumbuka kusaga kitani kila wiki huenda pia ndiye anayetembea jioni na asiyevuta sigara. Ni vigumu kumtenganisha na tabia zake.

Na kuna mahali kitani kilishindwa waziwazi, ambapo mimi nilikuwa nimekiwekea matumaini makubwa. Kidonge cha homoni kinaleta lile joto la ghafla: unakaa vizuri, mara shingo inawaka, unavua kitambaa, dakika tano baadaye unatafuta sweta. Jaribio dogo la mwaka 2007 lilionyesha kitani kinapunguza hali hiyo kwa nusu, lakini halikuwa na kundi la kulinganisha. Lilipofanywa vizuri, kwa wanawake 188 waliogawanywa kwa bahati nasibu na kula kipande cha kitafunio chenye kitani au kisicho na kitani kwa wiki 6, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha hakuna tofauti. Theluthi moja hivi ya kila kundi walipata nafuu kubwa, hata waliokula kipande kitupu. Kwa hiyo kama unakula kitani kwa ajili ya joto, jua hivyo. Feni ilinisaidia zaidi.

Jinsi nilivyojiumiza

Wiki nne baada ya upasuaji wa kwanza nilirudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu kingo za nyama iliyotolewa bado zilikuwa na seli za saratani. Nikatoka na kodeini ya maumivu. Wakati huo ndio nilikuwa nimesoma habari za keki za Toronto, na kama ilivyo kawaida yangu nikapiga hesabu ya kijinga: kama gramu 25 zilifanya vile, hamsini zitafanyaje?

Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kitani ni kama gramu 7. Mimi nilikula vijiko saba. Wala si unga, mbegu nzima, juu ya maziwa mgando, na nusu glasi ya maji kwa sababu kunywa maji kulinichefua. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, choo hakijatoka tangu siku ya upasuaji, na mshono unavuta kila nikijaribu kujikaza. Usiku ule nililala nimekaa.

Asubuhi nilipiga namba iliyokuwa kwenye mfuko wa dawa. Mfamasia alinisikiliza, akauliza maswali matatu (natapika? gesi inatoka? nina historia ya utumbo kuziba?), kisha akasema maneno ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza: "Mama, kodeini imelaza utumbo. Wewe umemimina nyuzinyuzi juu ya utumbo uliolala, na maji hukuupa. Umejenga ukuta." Akaniambia niache kitani kabisa kwa wakati huo, akanipangia dawa ya kulainisha na nyingine ya kuuamsha utumbo, na akasisitiza kwamba nikianza kutapika au gesi ikikata nisingoje simu, niende hospitali moja kwa moja. Sikufika huko. Lakini ilichukua siku mbili zaidi, na nisingependa kuzieleza.

Baada ya kupona nilifanya jambo ambalo nakushauri ulifanye kabla hujaanza. Weka kijiko kimoja cha unga wa kitani kwenye glasi, mimina maji nusu, koroga, ondoka. Rudi baada ya robo saa. Utakuta maji yamegeuka ute, mzito kama wa yai bichi. Ukiinua kijiko unavutika uzi mrefu kabla ya kukatika. Ukigeuza glasi taratibu, vyote vinasogea kwa pamoja. Hicho ndicho kinachotokea tumboni. Maji yakiwa mengi, ute huo unateleza na kusukuma choo, ndiyo sifa yake nzuri. Yakikosekana, unajua tayari. Nilisimama na ile glasi nikacheka peke yangu, kisha nikajisikia vibaya kidogo kwa ajili ya tumbo langu.

Kitu kingine nilichojifunza kwa aibu: zile mbegu nzima nilizokula zilitoka kama zilivyoingia. Samahani kwa kusema hivyo. Ganda la kitani ni gumu na meno yetu hayalivunji lote, kwa hiyo mbegu inapita na lignani zake na mafuta yake bila kukupa chochote. Ukitaka faida, saga.

Ninavyokula sasa

Vijiko viwili vya chakula vya unga, asubuhi, ndani ya uji au maziwa mgando, na glasi kubwa ya maji juu yake. Sikuanza na viwili. Nilianza na kijiko kimoja cha chai kwa siku kadhaa, nikaongeza polepole kwa wiki mbili hivi, kwa sababu utumbo usiozoea nyuzinyuzi unalalamika kwa gesi. Vijiko viwili hivyo vinanipa kama gramu 4 za nyuzinyuzi na kalori 75 hivi.

Nasaga za wiki moja tu, kwa kisagio kidogo cha kahawa, na unga nauweka kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kitani ni omega-3 ya mimea, na mafuta ya namna hiyo yanachacha upesi yakikutana na hewa na joto. Yakichacha utajua kwa pua, yananuka kama rangi ya mbao. Si ajabu, kwa sababu mafuta ya kitani ndiyo wachoraji wanayochanganyia rangi tangu zamani, na mafundi seremala wanayapaka kwenye mbao. Yale ya dukani kwa seremala si ya kula, naomba usijaribu.

Kidonge changu cha homoni nakimeza usiku. Nilikuwa nakimeza asubuhi na uji uleule, mpaka mfamasia aliponionyesha kwamba ule ute unaweza kuikamata dawa na kuichelewesha kuingia mwilini. Ushauri wa kawaida ni kuacha saa moja hadi mbili kati ya kitani na dawa yoyote ya kumeza. Mimi nimeamua kuacha mchana mzima katikati, ili nisihesabu dakika.

Mafuta ya kitani yaliyokamuliwa ni kitu kingine kabisa. Hayana nyuzinyuzi, na lignani karibu hayana, maana hizo hubaki kwenye makapi. Kama unayatumia, ni ya kumwagia juu ya chakula kilichopoa. Kwenye kikaango yanaharibika. Na vidonge vya lignani iliyokolezwa mimi sivigusi. Waliokula keki za Toronto walikula chakula. Kidonge kinachobeba lignani ya vijiko vingi kwa mkupuo mmoja si chakula tena, na hakuna aliyempa mwanamke mwenye saratani kama yangu akamfuatilia miaka. Kwenye kichupa imeandikwa "asilia", neno ambalo hata sumu ya nyoka ingeruhusiwa kulibandika.

Nani asubiri kwanza

Aliye katikati ya kemo na ana kuhara, au midomo na koo vimechanika kwa vidonda: si sasa. Unga wa kitani unakwaruza kidonda, na utumbo unaohara hauhitaji wa kuusukuma. Aliyewahi kuziba utumbo, au aliyeambiwa una mahali pembamba, asiguse bila daktari. Anayemeza kodeini, mofini au ndugu zake, umeshasikia habari zangu.

Aliye na tarehe ya upasuaji amwambie daktari mpasuaji. Baadhi yao huomba uache vyenye omega-3 nyingi siku kadhaa kabla, kwa tahadhari ya damu kutokuganda haraka. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza, na anayetumia dawa za kisukari ajue kitani kinaweza kushusha sukari kidogo, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi anapoanza. Mjamzito au anayenyonyesha asianzishe mambo haya kwa ushauri wangu.

Wanawake ambao bado wanaona hedhi huniuliza kama yote haya yanawahusu. Tafiti nilizozitaja hapo juu kuhusu wagonjwa zilifanywa zaidi kwa waliokoma hedhi, ambao estrojeni yao iko chini. Kwako kiasi kidogo cha chakula hakijaonyesha madhara, lakini usiichukue habari ya Toronto kana kwamba ulikuwa mezani. Na mwenye saratani isiyo na vipokezi vyote vitatu (vya estrojeni, vya projesteroni na HER2), mjadala mzima wa kigoda haukuhusu. Kwako kitani ni nyuzinyuzi na mafuta mazuri, na masharti ya tumbo yanabaki palepale.

Kisha kuna swali ambalo likija huwa nakaa chini kabla ya kujibu. Dada mmoja aliniambia kidonge kinamuumiza viungo, magoti na vidole asubuhi havikunjiki, akauliza kama anaweza kukiacha akaweka kitani badala yake, kwa kuwa "vyote vinazuia estrojeni". Hapana. Tamoksifeni ikimezwa kwa miaka mitano na mwenye saratani ya homoni, inapunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja, na hilo limeonekana kwa maelfu na maelfu ya wanawake waliofuatiliwa hadi miaka 15. Kitani kina wanawake 32 na keki. Maumivu ya viungo yana tiba zake: dawa inaweza kubadilishwa kwa nyingine, mazoezi husaidia, kuna watu wanaobadilishiwa mara mbili kabla ya kupata inayowakubali. Mpigie daktari kuhusu magoti. Alimpigia, na akabadilishiwa.

Kuhusu kuuliza, nako kuna ufundi. Mara yangu ya kwanza nilisema, "Daktari, naruhusiwa kula kitani?" Akainua mabega, akasema kula vizuri, akageukia kompyuta. Nilitoka nimeudhika. Mara ya pili nilikwenda na karatasi: "Nakula gramu 14 za unga wa kitani kila asubuhi, sitaki kuacha bila sababu. Dawa zangu ni hizi. Kuna inayogongana?" Hapo alivuta kiti. Aliniambia jaribio dogo la kitani pamoja na kidonge cha kundi langu halikuonyesha kugongana, kwamba lilikuwa la watu wachache, na kwamba kwa kiasi hicho yeye hana pingamizi, ila niache wiki moja kabla ya upasuaji wowote na nisiongeze kijiko bila kumwambia. Akaandika kwenye faili. Tangu hapo kila muuguzi anayeniuliza dawa ninazotumia husoma mwenyewe mwishoni, "na kitani," wengine wakitabasamu.

Juzi wifi amenipigia. Jirani yake amegunduliwa, naye amempelekea kopo kama langu, na ameambiwa aniulize kama aanze leo. Nikamwomba anipe mgonjwa mwenyewe kwenye simu. Yuko mzunguko wa pili wa kemo, anaharisha mara tano kwa siku, na mdomoni hata maji ya uvuguvugu yanamuuma. Nikamwambia asubiri hadi mdomo upone na tumbo litulie, kisha amuulize daktari wake akiwa na kijiko mkononi. Akauliza kama mbegu hazitaharibika hadi wakati huo. Zikiwa nzima, kwenye kopo kavu lililofungwa, zinakaa hata kabatini. Zikishasagwa ndipo zinapohitaji friji.